Tela la Kumtosha Ajuza

Kijana akiniambia kwamba tela likiwa kubwa ndiyo kazi inakwisha upesi, namtazama tu. Najua aliyemfundisha hivyo ni tela lenyewe, kwa rangi zake. Haya, ninyi mnaotaka kazi za mashine za shambani, kaeni niwaambie. Kuandika nimejifunza ukubwani, darasa la ngumbaru, kwa hiyo mkiona nimeruka hapa nikarudi pale, vumilieni. Mimi nimewavumilia ninyi na simu zenu.

Naitoa kanuni mbele, msije mkasema bibi kaficha. Tela halichaguliwi na dereva. Tazama mashine inayolijaza: inatema juu kiasi gani, na mkiani inaweza kuvuta uzito gani. Halafu tazama mistari ya shamba lako ina urefu gani. Ukikosea mojawapo utaokota mahindi kwa mkono, na kama ni kwa mkono, mashine uliinunulia nini?

Mimi nilikuwa kwenye shamba la mkonge, njia ya kwenda Pangani, miaka ile ya hamsini kabla ya uhuru. Mkonge ndio uliotuleta wote pale, lakini mkonge hauliwi. Kambi ilijaa watu wa kila kabila, na kila mtu alipewa posho ya unga, basi meneja akalima mahindi upande wa pili wa kambi. Meneja mwenyewe tulimwita Bwana Miwani. Jina lake la kwao lilitushinda, naye hakutulazimisha.

Kazi yangu ya kwanza pale ilikuwa brashi, ile mashine ya kuchania singa za mkonge zikishakauka. Vumbi lake likikuingia kifuani, utakohoa mpaka wali uuone una ladha ya kamba. Tena jumba la brashi lilikuwa mbali, ng'ambo ya reli ya matoroli. Unatoka alfajiri, unarudi jua linazama. Nilipojifungua mwanangu wa kwanza, Salimu, niliomba kazi ya mahindi kwa sababu shamba lile lilipakana na kambi. Mama mkwe wangu alikaa na mtoto mlangoni. Mtoto akilia, bibi yake ananipungia kanga, nashuka, nanyonyesha, narudi. Nyapara wetu, Mzee Kombo, alikuwa anaona, na akawa haoni. Brashi hapakuwa na ruhusa hiyo. Wenzangu waliorudi brashi na watoto wachanga, maziwa yaliwakauka, na watoto wakashikishwa uji kabla ya kuota jino. Hilo mlishike, maana wengine walikuwa na hamu ya mahindi, na hamu yangu mimi ilikuwa maziwa ya Salimu.

Mashine ya kuvunia ilishushwa bandarini Tanga ikiwa imeshazeekea nchi za watu. Ilivutwa na trekta. Mbele ilikuwa na midomo miwili mirefu ya bati inayopita huku na huku ya mstari mmoja wa mahindi. Ndani yake magogo mawili ya chuma yanazunguka, yanalivuta bua chini na kulikwanyua hindi. Halafu kuna ngazi ya chuma yenye mnyororo, inayapandisha mahindi juu na kuyatema nyuma, kwenye tela lililofungwa mkiani mwa mashine. Ikifanya kazi inatetemeka mwili mzima na kukohoa. Tukaiita Ajuza. Siku hizi ajuza ni mimi, lakini mtu asithubutu.

Ajuza alikuwa na watu wake. Dereva alikuwa Bakari, kijana wa Chumbageni, suruali imepigwa pasi hata siku ya vumbi, kitana mfukoni. Fundi alikuwa Mzee Mhina, Mbondei wa Muheza, mtu asiye na haraka na jambo lolote. Nyuma walitembea wanawake wa kuokota yaliyoanguka, mkubwa wao Mama Tatu, ambaye ulimi wake haukupumzika hata Ijumaa. Na mimi nilikuwa ndani ya tela, na reki ya mbao, nikiyasambaza mahindi yanayotemwa. Msiione kazi ndogo. Mahindi makavu yakikupata kichwani utamkumbuka aliyekuzaa. Nilijifunga kanga mbili kichwani, na bado yalinipata.

La Mzee Mhina niwaambie kabisa, maana ndilo lililonibakizia vidole vyote. Siku yangu ya kwanza aliniita, akanyoosha mkono wa kushoto.

"Hesabu vidole."

"Vinne, mzee."

"Cha tano kiko wapi?"

"Sijui, mzee."

"Kililiwa na mashine kama hii. Bua lilikwama, nikalivuta kwa mkono magogo yanazunguka. Likaenda, nami nikaenda nalo. Sasa wewe, bua likikwama, utafanya nini?"

"Nitamwambia Bakari azime trekta."

"Bakari akisema hana nafasi?"

"Nitasubiri."

"Akikutukana?"

"Nitasubiri huku natukanwa."

"Basi umepata kazi," akasema. Wala hakuwa na mamlaka ya kumwajiri hata paka. Lakini mpaka leo nikiona mtu anapeleka mkono kwenye mashine inayozunguka, nampiga kwanza, tunasalimiana baadaye.

Sasa tela. Tulikuwa na tela dogo la kubinua, la magurudumu mawili. Unachomoa pini, bodi inalalia nyuma kwa uzito wake, na mlango wa nyuma, ambao umening'inia kwa juu, unajifungua wenyewe. Mahindi yanamwagika, umemaliza. Zuri, ila lilijaa mapema. Ajuza alikuwa hajafika hata mwisho wa mstari, tela limefurika. Na trekta lilikuwa moja tu. Tela likijaa, Bakari amwache Ajuza, alifunge tela, alipeleke ghalani, alibinue, arudi. Sasa fikirini: umesimama katikati ya shamba, mahindi yamesimama kulia na kushoto, utageukia wapi? Utageukia juu ya mahindi. Kila safari tulilaza chini chakula cha watu, na Mama Tatu nyuma anasema, "Haya, Bakari, vuna kwa magurudumu, baba, vuna."

Maneno hayo yalimkera Bakari. Alimwendea nyapara, nyapara akamwendea Bwana, na haikupita muda likaja tela kubwa, jekundu, la magurudumu manne, nalo la kubinua. Bakari alilizunguka kama mtu aliyeonyeshwa mchumba.

"Hili, Mzee Mhina, tutakwenda ghalani mara moja kutwa. Mara moja tu."

Mhina alishika mkono wa Ajuza, ule wa chuma unaofungwa tela. "Huyu bibi amezoea kubeba kikapu. Wewe unamtwisha kabati."

"Anayevuta si yeye. Anayevuta ni trekta."

"Trekta linamvuta yeye, na yeye anavuta kabati."

"Mzee, wewe kila kipya huna raha nacho."

Hapo Nyapara Kombo akaingilia. Alikuwa ametoka kwa Bwana na uso umekunjana. "Mabishano yaacheni. Bwana kasema vuli ikikuta mahindi yamesimama, hiki chuma anakiuza chakavu, na mwakani unga utanunuliwa mjini. Wanaume mtarudi kukata mkonge. Wanawake, brashi." Alinitazama mimi, akatazama chini. Mawingu ya upande wa bahari yalikuwa yameanza kujikusanya kila alasiri na kutawanyika, na kila mtu alijua iko siku hayatatawanyika.

Likafungwa tela jekundu.

La kwanza, ngazi ya Ajuza ilikuwa fupi. Ilitengenezwa kwa matela ya zamani, na lile jekundu lilikuwa na mbavu ndefu. Hindi linapanda, linatemwa, linagonga ubavu, paa, linarudi chini. Wanawake wa kuokota siku hiyo walikuwa na mavuno kuliko mashine.

"Bakari," Mama Tatu akaita, "hilo tela lako linapokea au linacheza mpira?"

Bakari akang'oa ubao wa juu wa mbele. Mahindi yakaingia. La pili, tela lilikuwa refu, na ngazi inatema mahali pamoja tu, mbele kabisa. Nilivuta kwa reki mpaka mabega yakawaka moto, na bado mbele kuna mlima, nyuma kuna uwanja mtupu. Mlima wote ukamlalia Ajuza mkiani. La tatu hamkuliuliza lakini mmeshaliona linakuja. Tulipofika penye udongo laini, magurudumu ya tela yakazama, trekta likakaza, na Ajuza katikati akalia mlio ambao sikuwahi kuusikia kwa chuma. Bakari akazima. Mkono wa nyuma ulikuwa umepinda kama kiko.

Wanawake wa kuokota wakaketi chini palepale. Hata Mama Tatu. Mimi nilisimama juu ya mlima wa mahindi, nikatazama mlangoni kwetu, mama mkwe ananipungia kanga, na nikasema moyoni, Salimu, nyonya leo ushibe.

Mzee Mhina aliufungua mkono ule, akaupeleka karakana, akautia motoni na kuunyoosha kwa nyundo. Aliporudi, Bakari alikuwa amekaa juu ya gurudumu, suruali imejaa matope.

"Nigombeze, mzee. Sema tu."

"Sina la kusema. Tela lako ni kubwa mno na langu ni dogo mno. Mwaka mzima nimekuona unakanyaga mahindi, nikasema ndivyo mashine ilivyo. Tulikuwa wajinga wawili, wewe kwa hili, mimi kwa lile. Sasa tutafute la katikati."

Hapa ndipo pa kujifunza. Mhina alisema shida si kwamba tela dogo linajaa. Kila tela linajaa. Shida ni mahali linapojaa. Likijaa ncha ya shamba, kwenye uwazi, trekta linageuka vizuri na hakuna bua linalolazwa. Kwa hiyo tunataka tela linalomeza mzunguko mmoja, kwenda na kurudi, lisibaki na njaa sana wala lisitapike.

Akakataa kukisia. Bakari akamvuta Ajuza mzunguko mzima bila tela, mahindi yakatemwa chini, na wanawake tukayaokota yote kwenye mapakacha, tukayamimina katika tela dogo. Yalipita bodi, yakafanya kichuguu, mengine yakaporomoka. Mhina akasimamisha fimbo pembeni, akakitazama kile kichuguu kama anayenunua ng'ombe. "Ukuta ukifika hapa, yanaenea yote." Akalisogeza tela chini ya ngazi. Kati ya ncha ya fimbo na mdomo wa ngazi kulikuwa na nafasi ya kupitisha mkono. "Na hapa ndipo mwisho. Tukizidisha, atatema nje." Akainama kutazama ekseli na magurudumu, akayapiga teke, akaridhika.

Kilichobaki ni ukuta wenyewe. Seremala alikuwa ameshikwa na paa la ghala, na mbao zina uzito. Wanaume wakaanza kukuna vichwa. Mama Tatu akawatazama kwa huruma.

"Hivi nyumbani kwenu ua mnazungushia nini? Leteni makuti, mtupishe."

Basi alasiri ile wanawake wa kambi tulikaa tukasuka makuti ya kumba, kama tunavyosuka ya ua, manene, yaliyobana. Kamba haikuwa shida, tulikuwa tunakaa kwenye shamba la kamba. Tukazungushia tela lile pande zote, tukalishona. Bakari alipita akasimama.

"Mnataka niendeshe choo?"

"Choo kina mlango," Mama Tatu akajibu. "Hiki hakina hata mlango, tumekishona vizuri."

Tulicheka sana. Hakuna aliyeyasikiliza maneno yale, hata mwenyewe aliyeyasema.

Kesho yake Ajuza alikwenda na kurudi, akikohoa, akitema, mimi na reki yangu. Tela likajaa palepale kwenye ncha ya shamba, kama lilikuwa limeambiwa. Bakari akageuka kwenye uwazi bila kulaza bua hata moja. Tukaenda ghalani tunaimba. Bwana Miwani alikuwapo, na Nyapara Kombo pembeni yake. Mhina akachomoa pini.

Bodi ikalala nyuma. Mahindi hayakutoka. Tulikuwa tumeushona mlango wa nyuma kama ua wa bibi harusi, chini, juu na pembeni, mtu asichungulie. Uzito wote ukakimbilia nyuma ya magurudumu, mkono wa tela ukanyanyuka, na trekta, ambalo lilikuwa jepesi, likainua makalio kama mbuzi anayeamka. Bakari akajikuta ameinamia usukani, miguu inatafuta ardhi, kitana kikamtoka mfukoni.

"Mzee Mhina," akaita kwa sauti ya upole sana, "nishuke au nisubiri?"

"Subiri," Mhina akasema. "Ukishuka unapunguza uzito wa mbele."

Wenzangu walikuwa hoi kwa kicheko. Mimi sikucheka, kwa sababu nilimwona Bwana Miwani anavua miwani na kuifuta, na Nyapara Kombo amefumba macho. Nilikuwa na kisu changu cha kukatia kamba. Nikasimama ubavuni mwa tela, maana nyuma ningezikwa, nikakata mshono wa chini, nikazunguka nikakata wa upande wa pili. Mlango ukafunguka wote kwa mkupuo. Mahindi yakamwagika kama mto, trekta likarudi chini kwa kishindo, na Bakari akakaa alipokuwa amekaa mwanzo, ila kofia imegeuka.

Bwana Miwani akatazama lundo. Akalitazama tela la makuti. Akamwuliza nyapara kwa Kiswahili chake, "Hii yote mzunguko moja?"

"Mmoja, Bwana."

Akavaa miwani, akaenda zake.

Kuanzia siku ile, kuti la nyuma tulilishikiza juu tu, likaning'inia kama pazia la mlango. Ukibinua linajisogeza lenyewe. Na nyie mkitengeneza tela, jambo la mwanzo jiulizeni litamwagaje, halafu ndiyo mfikirie litajaaje. Wengi wenu mnaanza na kujaza.

Siku hizi, naambiwa, ziko mashine zinavuna na kupukuchua hukohuko, punje zinaingia tangi. Nilipelekwa na mjukuu kuiona moja. Dereva wake alinieleza kila kitu, mataa na vioo. Nikamwuliza, tangi linajaa ukiwa wapi? Akasema, popote tu, bibi. Nikamwambia ahsante, nimeona.

Basi tukafukuzana na mawingu. Mzunguko, ghalani, mzunguko, ghalani. Bakari aliacha kuchana nywele. Mhina alimpaka Ajuza mafuta kila tulipogeuka, akimsemesha kwa Kibondei maneno ambayo sidhani yalikuwa ya heshima. Makuti yakichanika, Mama Tatu anasuka mengine akitembea. Mimi nilinyonyesha nikiwa nimekaa ukingoni, mama mkwe ananiletea mtoto, nampokea, nampa, namrudisha, kanga zangu zimejaa vumbi la maganda na Salimu anapiga chafya kifuani. Upepo uligeuka tukiwa na mistari ya mwisho. Tone la kwanza lilinipata shingoni tela likiwa nusu, na mvua yenyewe ilishuka tumeshaingia na trekta, tela na watu wote ndani ya ghala. Mahindi makavu chini, sisi tumelowa jasho tu. Ajuza tulimwacha nje, akaoga.

Alasiri ile Nyapara Kombo alipita kambini kama ilivyokuwa desturi yake kazi moja ikiisha. Anapita mlango hadi mlango, anasimama, anamwambia mtu kesho aende wapi. Mvua ilikuwa imepungua. Nilikuwa nimekaa kizingitini na Salimu, na nilimsikia anavyokuja. Nyumba ya tatu kutoka kwetu: "Wewe, brashi." Nyumba ya pili: "Brashi." Mama mkwe wangu akaacha kuchambua mchele.

Akasimama mbele yangu. Nikamwambia shikamoo. Akaitika marahaba. Akamtazama mtoto, halafu akatazama kule ghalani, halafu akajikuna sikio.

"Bwana kasema mahindi yapukuchuliwe hapahapa. Yakiisha, makuti mapya yasukwe, yawe tayari kwa msimu ujao." Akainua kidole. "Mlango wa nyuma msiushone."

"Hatutaushona, mzee."

Akaenda mlango uliofuata. Nikamhamishia Salimu ziwa la pili.